Betri Haipandi Tena Kichwani Kwangu

Miaka ile televisheni zilipoanza kuingia, baba mkwe wangu alinunua ya kwanza kuliko jirani zetu wote wa vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba, Old Moshi. Umeme hatukuwa nao. Ilitumia betri ya gari, na kichwa cha kuibeba betri hiyo kilikuwa changu. Kila Jumamosi niliishusha mjini ikachajiwe na kuipandisha tena, juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, binti yangu mgongoni. Mwanaume habebi kichwani, niliambiwa. Kutazama mpira aliweza.

Fundi wa kuchaji alinionya kwamba betri isilale ubavu, maji yake yanaunguza. Nilimwambia akawaeleze wanaokaa vitini kuitazama.

Jumamosi moja, nikirudi, njia ilikuwa tope tupu. Niliteleza, betri ikalala, maji yakanichirizikia begani hadi kwenye kanga iliyombeba mtoto. Nilimfungua, nikamvua kila kitu, nikamtumbukiza mferejini. Alilia kwa baridi tu. Bega langu liliwaka moto. Hofu ilipita, hasira ikakaa. Betri niliiacha njiani.

Kesho yake, baada ya kanisa, wanaume walikuja na mbege yao, pombe ya ndizi, kutazama mechi. Kanga niliyokuwa nimeifua ilikuwa matundu ya kupitisha ngumi. Niliitandika juu ya kioo cha televisheni.

“Shikamoo, baba. Mpira wa leo ni huu.”

“Betri yangu iko wapi?”

“Iko njiani. Sibebi tena.”

Mume wangu alitazama viatu vyake. Mama mkwe alisema, “Mbona sisi tulibeba?”

“Mlibeba ndizi, mama. Ndizi haziunguzi mtoto.”

Mmoja wa wageni akasema kwa kicheko kwamba siku hizi wake wanaolewa na midomo yao. Nilimjibu kwamba njia anaijua, akailete betri yeye.

Baba mkwe akanyoosha mikono apewe mtoto. Alimlaza mapajani, akampandisha gauni, akapapasa mgongo wake polepole akitafuta alama ya kuungua, kutoka shingoni hadi kiunoni, mara mbili. Kisha akanirudishia, akatoa toroli la majani ya ng'ombe na kushuka nalo mwenyewe kuifuata betri, akiwa na suti yake ya kanisani.

Walisema nimemdhalilisha mzee. Sikuomba radhi, na hadi leo sijaiomba.