Mchekeshaji Aliyechukua Kilio Changu

Mama alipozikwa, mimi nilikuwa zamu, mlinzi kwenye ukumbi mmoja hapa Doha. Simu nilikuwa nimeificha ndani ya kofia, kaka akinionyesha kaburi kwa video. Kila mkubwa alipopita nilivaa kofia, nikapiga saluti, kisha nikaivua tena na kulia bila sauti.

Hayo nilimsimulia mtu mmoja tu. Kikundi cha maigizo kutoka Uingereza kilikuja kucheza ukumbini kwetu, nami nikawekwa mlango wa nyuma wanakopita waigizaji. Mchekeshaji wao alizoea kutoka kuvuta sigara na kupiga gumzo nami. Nilimwambia kwamba nyumbani Kenya nami nilikuwa mwigizaji, tukizunguka shule za sekondari kuwachezea wanafunzi tamthilia wanazotahiniwa.

"Kumbe wewe ni mwenzetu!" akasema.

Neno hilo lilinilegeza. Nikamweleza mazishi ya mama.

Onyesho lililofuata nilichungulia kutoka mlangoni, nikamwona akitokea jukwaani na kofia ya mlinzi, simu ndani yake. Akalia, akapiga saluti, akalia tena, kwa lafudhi yangu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msimamizi wangu alicheka mpaka akapangusa machozi.

"Umeonaje?" mchekeshaji aliniuliza akitoka, jasho likimtiririka. "Wamependa sana!"

"Nimeona," nikajibu.

Katika kambi yetu ya wafanyakazi, Industrial Area, Mganda anayelala kitanda cha juu yangu alinisihi nimwachie Mungu. Sikumwachia. Kazini nilimtabasamia yule mchekeshaji na kumfungulia mlango, huku nikimchunguza kama paka anavyochunguza panya.

Ijumaa kikundi kilialika wafanyakazi kwa somo la uigizaji, bure. Sikuwa zamu. Kiongozi wao, mama mwenye mvi, alitusimulia walivyoanza: lori moja, mapazia ya kushonwa nyumbani, vijiji visivyo na ukumbi. Hadi leo, alisema, kila mwigizaji hubeba masanduku na kucheza nafasi kadhaa, na hakuna nyota miongoni mwao. Kisha akaomba mtu apande atuigizie binadamu anayemjua.

Nilipanda kabla hajamaliza.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimwona mchekeshaji pale mlango wa nyuma kabla hajaitwa jukwaani. Nikatetemeka kama yeye. Nikainamia ndoo, nikatapika. Nikajipiga makofi mashavuni nikinong'ona, "Wananipenda, wananipenda." Halafu nikapangusa mdomo, nikachomoka mbele na tabasamu lake pana.

Wenzake ndio waliomtambua kwanza. Mmoja alicheka hadi akainama, na ukumbi ukafuata. Yeye alikaa safu ya mbele, uso mwekundu, mikono magotini. Nikarudia ile ya ndoo, polepole zaidi.

Alinifuata nje. "Ile ilikuwa siri yangu!"

"Na kaburi la mama yangu lilikuwa la nani?"

Kiongozi wao alikuwa nyuma yake, amesikia. Alimuuliza mchekeshaji kwa sauti ya chini kama ni kweli, naye akaitikia kwa kichwa. Jioni hiyo yule mlinzi wa kuigizwa hakutokea jukwaani.

Kwa kosa la kumwaibisha mgeni, msimamizi alinihamishia Al Wukair, nje ya jiji, kulinda nyumba ambazo bado zinajengwa, juani kutwa.

"Sasa umeridhika?" Mganda aliniuliza nikifungasha nguo.

"Bado," nikamwambia. "Waigizaji wameondoka mapema mno."