Gundi Ilikauka Kwenye Kifuniko

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, lakini acheni nianze na maharage ya shangazi yangu. Zamani, tungali Kongo, alimpikia padri, akachota harage moja la chini kabisa, karibu na moto, akalionja, akasema yameiva, kisha akampakulia yale ya juu, na jino la padri likabaki humo. Tulimcheka shangazi miaka mingi (mimi kuliko wote).

Basi, tuliporudi kwetu Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, miaka ile ya tisini ikielekea mwisho, nilikuwa fundi wa mashine, nimefiwa na mke, na kule Nyamyumba kulikuwa na Mama Vestine, naye mjane, mwenye mashine ya kusaga. Nilikuwa nimepanga moyoni kwamba binti yake akishaolewa tu, nami namwomba mama tuoane. Sasa wiki ile ya harusi ya binti, shafti ya mashine, kile chuma kinachozunguka, ikalika pale beringi inapokaa, beringi ikawa inacheza kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Mafundi wengine walitaka kuing'oa shafti wakaichomelee Goma. Mi nikamwambia, mama, haitoki hapa, na moto hauigusi, moto utaipinda. Tunaisafisha kwa petroli, tunapaka gundi ya chuma, ile ya tyubu mbili zinazochanganywa, inajaza palipolika, tunavalisha beringi, inalala mpaka kesho.

Nikafanya hivyo asubuhi, kazi safi kabisa. Gundi iliyobaki nikaiacha kwenye kifuniko cha kopo, kando ya imbabura, jiko lake la mkaa, alipokuwa ananichomea mahindi (mahindi yale ndiyo yaliyonilewesha).

Saa sita wanawake wakajaa na vikapu vya mtama wa pombe ya harusi.

"Papa Sadiki, mashine iko mugonjwa mupaka inalala?" mmoja akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Ao fundi njo anatafuta kulala hapa?"

Wakacheka. Mama Vestine akainama, nikaona anatabasamu, na hapo akili ikanitoka. Nikaokota kifuniko, nikaigonga ile gundi kwa nyundo, ikalia kama jiwe.

"Imekauka," nikasema. "Tusage."

"Lakini ulisema kesho," Mama Vestine akasema.

"Mi njo fundi, mama."

Sikukumbuka kwamba kifuniko kilikuwa kinaota moto, na shafti iko kivulini, baridi, gundi yake bado kama ugali. Nikawasha. Ikazunguka vizuri kidogo, nami nikaanza kutembea kama mwenye nyumba, mara shafti ikatingishika, mkanda ukaruka, beringi ikapasuka, na gundi mbichi ikarukia nyusi zangu, kitenge cha Mama Vestine, na mtama wote uliokuwa mdomoni mwa mashine.

"Bon," yule mwenye maneno akasema polepole. "Donc, basi, tutatwanga."

Wakaenda kutafuta vinu, hakuna aliyenitukana. Mama Vestine akaja na kitambaa, akanifuta nyusi kama mtoto.

"Papa Sadiki, ulikuwa unakimbilia wapi?"

Angenitukana, ningebaki. Gundi haikuwa na kosa, na tangu siku ile napima kitu chenyewe, sipimi mabaki yake. Nikamwambia naenda ziwani kunawa. Nikanawa kweli, kisha nikashika njia ya mjini, mikono bado inadondosha maji, nyundo yangu nimeiacha kando ya jiko lake, na Nyamyumba sijakanyaga tena.