Mgeni Aitwaye Watasemaje

Mama yule alitoka Ngaramtoni amevaa kitenge cha kanisani, amemshika bintiye mkono kama mtoto anayepelekwa kliniki. Binti alikuwa mtu mzima, anatibu ng'ombe vijijini. Waliingia kwenye chumba changu cha ushauri nasaha pale Lemara, nikawaamkia. Mama akaitikia marahaba, kisha akasema bila kuzunguka:

"Huyu anaishi na msichana mwenzake kama mtu na mumewe. Tumeomba, tumefunga. Nimeambiwa wewe unajua kuongea na watu. Nirekebishie."

Niliinuka nikafunga dirisha kwanza. Maneno kama hayo yakivuka ukuta, mtu hufukuzwa alikopanga, au huishia polisi.

"Mama, hilo sitaliweza," nikamwambia. "Kwake sioni kitu cha kurekebisha. Ila naona kuna jambo linawatesa nyote wawili."

Nilitegemea angeondoka. Akabaki, nadhani kwa uchovu tu.

Katika kazi yangu mtu hahesabiwi kuwa ndiye tatizo. Tatizo tunaliweka kando, tunalipatia jina, tunaliuliza limetoka wapi. Nikamwomba binti alipatie jina lile linalomtesa.

"Watasemaje," akasema. "Nimeishi naye tangu sekondari. Nikivaa suruali, Watasemaje. Nikikataa mchumba, Watasemaje."

Mama akaguna. "Huyo hata mimi namjua."

"Kwako aliingia lini, mama?"

Alikunjakunja pindo la kitenge. Alipofiwa na mumewe, akasema, ukoo ulitaka arithiwe na shemeji yake. Ndiyo ilikuwa kawaida. Akakataa. Wakamwita malaya, wengine mchawi. Akalima mwenyewe, akalea watoto.

Binti alimgeukia. "Mama, mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mama yako alikataa kawaida ya watu?"

Chuoni nilisoma nadharia ya kuihoji hiyo kawaida: nani aliiweka, inamfaa nani, inamuumiza nani. Siku ile sikuitaja. Nilimwuliza tu kilichompa nguvu ya kukataa.

"Niliujua moyo wangu," akajibu. Akamtazama bintiye, machozi yakaanza kumtoka. "Lakini yangu haikuwa dhambi."

"Na waliokuita malaya, wao walisema kukataa kwako ni nini?"

Aliaga kwa heshima, wakatoka, na mimi nikabaki nikijiuliza kama nilikuwa nimemsukuma mno.

Walirudi. Kuna kikao kimoja ambacho mama aliondoka kwa hasira kabla chai haijapoa. Polepole binti akaanza kusimulia mambo ambayo Watasemaje hakuyafikia: namna mwenzake anavyomwekea maji ya moto akirudi na matope, namna wanavyobishana juu ya chumvi kwenye makande. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Siku moja aliuliza, "Huyo msichana wazazi wake wako hai?"

Msimu wa maharage binti alinipigia simu. Mwenzake alikuwa amealikwa Ngaramtoni kusaidia kuvuna. Jirani alipouliza ni nani yule, mama alijibu, "Ni wa kwangu," akaendelea kung'oa.

"Bado ananiombea nibadilike," binti akaniambia, sauti yake ikiwa katikati ya kicheko na kilio. "Lakini jana ameniuliza mwenzangu anapenda chai ya maziwa au ya rangi."