Milimita Saba kwa Wiki

Ukimpa mkono Mama Manjano, ujue utaondoka na rangi yake. Miaka tisa amesimama mbele ya mashine ya kusaga viungo, kitambaa puani, ungo kiunoni, na manjano yamemwingia kwenye kucha na mistari ya viganja mpaka sabuni imekata tamaa. Nepi za mtoto wake zina alama za vidole vyake. Jina lake halisi analijua mume, mama mkwe, na yule karani wa kliniki aliyeliandika vibaya.

Kazi ya mashine si ya kuua mtu kwa siku moja. Inakumega taratibu. Asubuhi unasaga tangawizi, macho yanatoka maji. Mchana pilipili manga, unapiga chafya mpaka mbavu zinaomba msamaha. Jioni unafagia vumbi la vyote kwa pamoja. Ukifika nyumbani mtoto wa miezi kumi anakunyooshea mikono, nawe huwezi kumpokea kabla hujaoga, maana ukimshika hivyo utamtia pilipili machoni. Basi anakulilia wewe, na wewe upo palepale. Mama Manjano alikuwa akioga huku akimsikia analia, mara nyingine naye analia kidogo ili maji yafanye kazi mbili.

Mume wake ni fundi cherehani. Tuseme alikuwa, maana huu ni mwezi wa tano tangu kioo cha kujaribia nguo kimponyoke na kumkata mkono wa kulia, juu kidogo tu ya kifundo. Hospitali waliushona mshipa wa fahamu uliokatika. Mkono ukapona ngozi, lakini dole gumba, cha shahada na cha kati vikabaki ganzi. Siku moja alijishona kidole pamoja na pindo la sketi, akajua tu alipoona damu kwenye kitambaa. Tangu siku hiyo hakukalia tena cherehani.

"Mshipa unaota," mtaalamu wa mazoezi ya mkono alimwambia kliniki. "Kama mmea. Milimita moja kwa siku, ukijaliwa. Mwenyewe huuoni, ila ukigonga hivi juu ya njia yake, pale ulipofikia utasikia shoti, kama ya umeme."

Akagonga kwa ncha ya kidole, taratibu, kutoka kwenye kovu kwenda mbele. Fundi akaruka. "Hapo!"

Basi ikawa desturi ya nyumba. Kila Jumapili asubuhi, Fundi anaweka mkono mezani, Mama Manjano anagonga, na shoti ikipiga anapaweka alama. Kalamu ilikuwa ikifutika, kwa hiyo alikata utepe mweupe kwenye mabaki ya kola, akawa anaulaza juu ya mkono kutoka kwenye kovu, kisha anatia mshono mmoja pale shoti ilipofika. Wakienda kliniki, mtaalamu anapima kwa rula, na mshono wa siku hiyo wanautia kwa uzi mwekundu. Mara ya mwisho alipima sentimita tisa. Katikati ya kiganja! Fundi alirudi akipiga mluzi.

Halafu mshipa ukasimama. Jumapili ya kwanza baada ya kliniki shoti ilipiga palepale kwenye uzi mwekundu. Ya pili, palepale. Fundi alivuta mkono na kuuficha chini ya meza kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Labda mshipa nao umechoka," mama mkwe alisema, huku akimbembeleza mjukuu. "Kila kitu humu ndani kimechoka."

"Mama, mshipa hauchoki."

"Mbona mkeo kachoka?"

Katika wiki hiyo ndipo alipokuja kwenye mashine binti mmoja anayefanya kazi maabara. Huwa anakuja dukani kununua viungo vizima, visivyosagwa, na kuvichagua kimoja kimoja kama anayechagua mchumba. Mama Manjano akamuuliza anavipikia nini.

"Hatupiki, dada. Tunavikamua, tunachukua kiini chake. Kuna seli za neva tunazilea kwenye visahani. Tunazidondoshea kidogo, tunaangalia kwa darubini. Nyingine zinatoa vikonyo virefu kuliko zile zisizodondoshewa. Umeshaona maharage yanavyoota kwenye pamba? Ndivyo hivyo."

"Seli za neva ndiyo mishipa ya fahamu?"

"Ndiyo hiyo. Lakini visahanini, dada. Kwa mtu bado hatujui."

Binti alisema hivyo, na alisema kwa sauti. Ila mashine ilikuwa inanguruma, na mfa maji haachi kutapatapa. Mama Manjano alilibeba lile neno la maharage kwenye pamba, lile la visahani akaliacha kaunta.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikala viungo. Chai ikawa ya manjano, uji wa manjano, maharage yakawa yanang'aa kama taa. Juu yake tangawizi, mdalasini, pilipili manga, na kungumanga ya kukwaruza.

"Mke wangu," Fundi alisema akiangalia kikombe, "hii ni chai au rangi ya ukuta?"

"Kunywa."

"Nikikojoa naogopa. Kwani unanipika?"

"Kunywa, baba. Inaotesha."

Akanywa. Alikuwa mtu wa kunywa anachopewa, hasa tangu aanze kulishwa na jasho la mke.

Jumapili ya tatu ikafika. Mama Manjano aliamka na mgongo unaouma, mtoto hakumlaza, na kabla hata ya kugonga mkono alishajua moyoni kitakachotokea. Akaona dawa ni ndogo. Kwenye mfuko wa aproni alikuwa na kungumanga mbili nzima. Akazisaga zote, akazikoroga kwenye maziwa ya moto na asali, akamsimamia mpaka akaona chini ya kikombe. Wakagonga. Palepale kwenye uzi mwekundu.

"Ngoja ifanye kazi," alisema.

Mchana ikafanya kazi. Fundi alilalamika mdomo umekauka kama pamba. Kisha akaanza kucheka peke yake, halafu akaacha, akashika kifua. "Moyo unakimbia. Mbona ukuta unasogea? Mshikeni mtoto, sakafu inainama!" Alipojaribu kusimama miguu ikamkana. Mama mkwe akaita jirani mwenye gari, wakampeleka zahanati, Mama Manjano nyuma amempakata kichwa, akihesabu pumzi zake moja moja.

"Amekula nini?" nesi aliuliza.

Mama mkwe akamtazama mkwewe, mkwe akatazama vidole vyake.

"Kungumanga."

"Kiasi gani?"

"Mbili."

"Vijiko viwili?"

"Kokwa mbili. Nzima."

Nesi akaweka kalamu chini. "Mama, ya kunukishia chakula ni kidogo tu. Kwa kipimo hicho ni sumu. Nani alikuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Hilo ndilo lilimchoma. Binti hakumwambia, mtaalamu hakumwambia. Alijiambia mwenyewe, kwa mapenzi na kwa uchovu, na mapenzi yakichanganyika na uchovu hayapimi.

Fundi alilala huko siku moja wakimwangalia, mapigo yakatulia. Jumatatu jioni alirudi nyumbani, uso umesawijika, akisikia kichefuchefu hata akiona sufuria. Mama mkwe hakugomba. Alichukua kopo la viungo jikoni akaliweka juu kabisa ya kabati, mahali ambapo mkwewe hafiki bila stuli. Hiyo ilikuwa hotuba yake.

Jumanne Mama Manjano alirudi kazini. Binti wa maabara akatokea, akataka kungumanga. Akampimia, akazihesabu mara mbili.

"Zile za visahani," akauliza, "zinaota haraka?"

"Haraka? Dada, polepole. Na nyingi zinakufa. Tuko mwaka wa tatu, bado tunaandika 'huenda'." Binti akacheka, kisha akamtazama. "Unaumwa?"

"Nimechoka tu."

Jioni alioga, akampokea mtoto, akakaa ukingoni mwa kitanda. Fundi alikuwa amelala chali. Utepe ulining'inia kwenye msumari wake dirishani, mkasi mkubwa wa kukatia nguo umefungwa chini.

"Ule mkasi unafanya nini pale?" Fundi aliuliza.

"Unaunyoosha utepe. Mama alisema umechafuka kwa manjano ya vidole vyangu. Nikaufua siku ileile, kisha nikawa naufua kila Jumapili tukishagonga. Ukikauka unajikunja, basi naufungia mkasi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile tuliporudi kutoka kliniki."

Fundi akanyanyuka kwa kiwiko. "Nipe."

Akaushika kwa mkono wa kushoto, akakandamiza ncha moja kwa goti, akauvuta. Utepe ukatii, ukarefuka. Akauinua kwenye mwanga, akatazama nyuzi zake zinavyokwenda.

"Huu umeukata kwenye ukingo wa kola."

"Ndiyo. Ulikuwa mwembamba, nikaona unafaa."

"Ukingo wa kola unakatwa kwa mshazari, mke wangu, ili uvutike ukizunguka shingo. Na wewe umeuloweka ukautundikia mkasi, wiki tatu!" Akaanza kucheka, safari hii cheko lake la kawaida, la puani. "Uzi mwekundu umetembea, hauko tena kwenye tisa. Lete futi yangu."

Mama Manjano akaitoa kwenye droo ya cherehani, ile futi ya kazi, ngumu, isiyovutika. Fundi akauweka mkono gotini. Mama Manjano akagonga kutoka kwenye kovu. Sita. Nane. Tisa, kimya. Kumi, kimya. Akaogopa kuendelea.

"Gonga."

Akagonga, na Fundi akaruka. Shinani kabisa mwa kidole cha kati. Wakasoma wote wawili, vichwa vimegusana: sentimita kumi na moja na kidogo.

"Ulikuwa unatembea," Mama Manjano alisema. "Siku zote hizo ulikuwa unatembea, na mimi nakuua."

"Hukuniua. Umenitembeza ukutani tu. Ila siku nyingine uniambie kwanza."

"Nitakuambia."

"Na uji nautaka mweupe."

Kutoka shinani mwa kidole mpaka nchani bado kuna sentimita nane hivi, na kwa milimita saba kwa wiki unaweza kupiga hesabu mwenyewe, Mama Manjano hakuipiga. Alichukua kitambaa kigumu, Fundi akamwonyesha pa kukata, sambamba na uzi. Akatia mshono mwekundu pale kwenye tisa, kisha akapima kumi na moja ili atie mwingine. Mtoto alikuwa amelala kifuani pake, ananusa sabuni. Sindano iliingia kitambaani, ikatoka nusu, na hapo ikasimama.

Fundi alingoja. Alipoinama kumtazama, akaona macho yamefumba na mdomo umeachama kidogo. Nje bado kulikuwa na mwanga, na mama mkwe alikuwa akiita watu waje kula. Akamfanyia ishara mama yake anyamaze. Kisha, kwa mkono wa kushoto, akaichomoa ile sindano katikati ya vidole vya manjano, akaichomeka kwenye kimto chake cha sindano, akabaki ameushika utepe yeye mwenyewe.