Kanzu Nimeitoa Sandukuni

Nikikumbuka siku ile ya mtoni, mwanangu, hasira hunirudia kana kwamba ilitokea asubuhi hii. Jana mezani ilinirudia mbele yako, ndiyo maana niliinuka nikaacha ugali. Mama yako alidhani ni mboga. Si mboga. Ni neno ulilosema ukicheka: ati mmeshauriwa, ninyi mnaokwenda kusoma Amerika, mvae kanzu na kofia mkitembea mjini, ili Wazungu wa kule wajue ninyi ni Waafrika wageni, wasiwachanganye na weusi wao.

Weusi wao! Ndani ya nyumba yangu hapa Lugulu!

Mdomo wangu ukiwa na hasira hukosea, kwa hiyo nakuandikia. Nimezoea kujiandikia mwenyewe tu jioni, na shule yangu ilikuwa fupi, basi nikipotea njiani nivumilie.

Unajua nilifika Amerika kabla hujazaliwa. Niliyoyaona huyajui, maana sijawahi kuyasema. Nilikuwa kijana, seremala wa misheni, kipande, kile kitambulisho cha serikali ya kikoloni, kinaning'inia shingoni. Mmisionari wetu, nitamwita Bwana Elma, alikuwa akienda likizo kwao, na kanisa lililotuma vitanda vya hospitali lilitaka kumwona mtu mmoja wa huku. Akanichagua mimi kwa sababu ya kuimba. Nataka nimtendee haki: Bwana Elma aliniuguza malaria kwa mikono yake, na melini alinipa blanketi lake. Mtu mbaya hakuwa.

Tulifika mji mmoja wa zamani kando ya mto mkubwa. Jina silitaji. Miji mingi ya upande ule ilikuwa na desturi hiyo hiyo, na si haki mmoja ubebe lawama ya yote. Mji wenyewe ulikuwa mzuri, siwezi kudanganya. Nyumba za matofali zenye roshani za chuma kilichosukwa kama lesi, miti imekutana juu ya barabara, mawe ya gati yamelainika kwa nyayo za watu. Bwana Elma alilala kwa jamaa zake. Mimi kule sikukubaliwa, nikapelekwa kwa Mama Odesa.

Mama Odesa alikuwa mjane, mweusi kama mimi, umri wa mama yangu mzazi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli iliyotazama mto. Usiku wa kwanza alinipa kitanda chake, yeye akalala kitini. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, naye alinisemea polepole. Aliniambia bibi yake aliuzwa pale pale kwenye mawe ya gati, akiwa msichana.

"Wageni huyapiga picha mawe hayo," akasema. "Huambiwa yametoka mbali, na ni kweli. Nani alisimamishwa juu yake, hawaambiwi."

Siku ya kuonyeshwa mji, Bwana Elma alileta kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, alivyovinunua Mombasa tukipita. Nilishangaa. Pale misheni sisi tulivaa kaptula za kaki, kanzu hakuna aliyevaa.

"Vaa hii," akasema. "Ukionekana mgeni kutoka Afrika, hotelini watakupokea. Ukivaa suti watadhani wewe ni wa hapa."

Mama Odesa aliipiga pasi kanzu ile. Kisha akatuongoza njia, maana vichochoro vya mtoni Bwana Elma hakuvijua. Koti langu alilibeba yeye mkononi.

Mlangoni pa hoteli mtumishi mwenye glavu nyeupe aliniinamia. Ati mwana wa mfalme! Mimi, ambaye nilipopeleka meza hotelini kwa masetla wa Kizungu kule Kitale, meza niliyoichonga mwenyewe, niliambiwa nizunguke nyuma kwenye mapipa ya takataka! Sikufichi, nilinenepa ndani ya kanzu ile. Nikaingia kifua mbele. Tukakalishwa dirishani, mto unapita chini, supu ikaja.

Nikatazama nje. Mama Odesa alikuwa amesimama juani na koti langu.

"Mbona haingii?"

Bwana Elma akaitazama supu yake. "Hawezi. Ndiyo sheria ya hapa."

"Si mimi nimeingia?"

"Wewe ni mgeni. Yeye anaishi hapa. Kula, tafadhali, usituletee maneno."

Mwanangu, kwetu ukila ndani na aliyekupa kitanda amesimama nje, watu watauliza ulilelewa na nani. Nikainuka. Nikavua tarbushi nikaitumbukiza katika supu, kweli kabisa, nikasema ukumbi mzima usikie: "Yule nje ni mama yangu, na ninyi mnalalia mashuka anayofua!" Kiingereza kilikuwa kibovu, lakini vijiko vilinyamaza.

Nilitoka nikitegemea shukrani. Bana! Mama Odesa alinishika mkono akanivuta mpaka nyuma ya ghala la pamba, akanigeukia.

"Nani alikutuma?"

"Mama, wamekudharau."

"Wananidharau tangu nizaliwe. Nilikuwa nangoja wewe uje na meli kunieleza? Na mashuka umewatajia! Jumamosi wewe unaondoka. Jumatatu mimi niko hapa. Ungeniuliza, kijana. Wakati wa kuivaa nguo hiyo hukuniuliza, na wakati wa kuivua hukuniuliza."

Asubuhi iliyofuata kikapu cha mashuka hakikuletwa. Wala kesho yake. Bwana Elma alikwenda mwenyewe hotelini kumwombea kazi yake, nami nilimfuata kwa mbali. Alirudi uso mwekundu, mikono mitupu. Mama Odesa alikaa karibu na pasi yake iliyopoa. Hata hivyo alinikaangia samaki wa mtoni, akanisukumia sahani.

"Kula, mwana wa mfalme," akasema, akacheka kidogo. Kicheko kile kiliniumiza kuliko ukali wake.

Jumamosi akaniambia, "Kanzu niachie. Kitambaa ni kizuri, na mito yangu haina foronya." Nikamwachia. Kama kikapu kilirudi baadaye, sikupata kujua mpaka leo.

Nimejiuliza miaka yote: ningebaki nikanywa supu? Hapana. Nikiiwaza ile glavu, meno yananiuma hata sasa. Kuinuka kulikuwa sawa. Kuitaja kazi yake hakukuwa sawa. Labda hata hapo nakosea. Lakini hili nina hakika nalo: kiti kile cha dirishani hakikuwa heshima. Nilikalishwa pale ili yule wa nje aambiwe, tazama, Mwafrika tunamkaribisha, ubaya uko kwenu ninyi. Nilikuwa shahidi wao dhidi ya mama yule, nimevaa nyeupe, na nilidhani napendwa. Na wewe unataka kwenda kukalia kiti hicho hicho huku unacheka!

Basi sikia. Vaa suti yako. Wakikuchanganya na watu wa kule, changanyika nao. Wakikufukuza mlangoni, ondoka na waliofukuzwa, ule wanakokula, usali wanakosali. Na ukitaka kukasirika kwa ajili yao, waulize kwanza, maana wewe utarudi na wao watabaki. Uliza asubuhi, kabla ya supu.

Kanzu uliyoikunja juu ya mashati nimeitoa sandukuni alfajiri. Usiitafute. Mkasi unaousikia jikoni ni wa mama yako, anaikata ashone foronya. Moja utaondoka nayo, umpe mama atakayekupa kitanda.

Kabla ya kwenda stesheni ya Bungoma, njoo nyuma ya ghala la mahindi nikutemee mate ya baraka kifuani, kama baba yangu alivyonifanyia. Watu wa kanisa wakinuna, wanune. Mungu akutangulie majini na nchi kavu. Akupe akili ya shule, na akufungulie mlango wa nyuma wa mji utakaofikia, uingie na wenyewe, ukae nao, uturudie mzima.