Ushuru wa Moshi na Honi ya Baba Mkwe

Mtu pekee niliyempiga maishani kwa nia ya kumvunja alikuwa mtoza ushuru, na mpaka leo sijatubu. Mchungaji amejaribu mara tatu kunipigisha magoti kwa ajili ya mkono wa mtu yule. Namwambia nina dhambi nyingine inayonitosha.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Ushirika ulikuwa umekufa, na wanunuzi kutoka Mbeya na Dar es Salaam walikuja wenyewe Tukuyu kufuata ndizi. Baba mkwe wangu, mkulima wa Kinyala, aliuza mafahali wake akanunua pikapu kuukuu iliyokwisha kupita mikono mingi. Ilitoa moshi mweusi kama jiko la kuni mbichi, lakini ilipanda milima na mikungu ya nusu kijiji mgongoni. Wajane, wauza maziwa, wachoma maandazi, wote waliitegemea. Aliipenda kupita kiasi. Aliifuta matope kwa kanga kuukuu ya mama mkwe kila Jumamosi, na mama mkwe alinuna kila Jumamosi.

Ndipo ukaja ushuru wa moshi. Ikaamriwa kwamba gari linalotoa moshi mweusi lilipe kila linapoingia mjini, eti hewa ya Tukuyu isichafuke. Kazi ya kukusanya akapewa wakala mmoja, mtu mnene mwenye koti la mvua la kijani, naye akalaza gogo barabarani pale Ibighi, unapoingia mjini. Kipimo chake kilikuwa kitambaa cheupe. Alikishika nyuma ya bomba la moshi, dereva akakanyaga mafuta, kitambaa kikipata doa unalipa. Magari ya wenye vyeo yalifuka vilevile, lakini gogo lilinyanyuliwa kabla hayajasimama. Mwenye nguvu mpishe. Sisi wa ndizi tulilipa, tukiingia mara mbili tunalipa mara mbili, na asiye na kitu aligeuza gari akarudi na ndizi zikaivia uani. Hakuna aliyetuuliza tungenunua wapi gari lisilotoa moshi.

Mimi nilikuwa na punda wawili. Mume wangu alikuwa Chunya akitafuta dhahabu ambayo haikuwahi kumwona, nami nikawanunua kwa fedha ya maharage ili nibebe maji na kuni. Kijijini walinicheka sana. Walisema mwanamke wa Kinyakyusa amekuwa Mmasai. Ushuru wa moshi ulipoingia, vicheko viliisha. Punda hatoi moshi. Pikapu zikaanza kumwaga mikungu kwenye kona iliyo kabla ya Ibighi, na punda wangu wakaivusha pembeni mwa gogo mpaka sokoni, bila kitambaa wala risiti. Kufa kufaana. Ndani ya miezi michache kulikuwa na punda kumi na kitu pale konani, na waliokuwa wakinicheka walikuja kuniuliza punda anakula nini.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa kwingine hawezi kulielewa upesi. Kwetu mke wa mtu hamwoni baba mkwe wake. Tunaita ukutila. Hukai naye chumba kimoja, humsemeshi, humtazami usoni. Mkikutana njiani, wewe unaingia porini unampa mgongo mpaka apite. Wakristo wengi walikuwa wameanza kulegeza, lakini baba mkwe hakulegeza, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza kumvunjia heshima. Nilikuwa nimeolewa miaka minane. Nilijua kikohozi chake, kofia yake, na visigino vyake vilivyopasuka. Sura yake sikuijua.

Kwa hiyo tulifanya biashara pamoja bila kuonana. Mimi nilitangulia alfajiri na punda, nikajificha kwenye migomba iliyo chini ya ile kona. Yeye alifika, wapakiaji wake wakashusha mikungu, akaondoka. Ishara tuliipanga kupitia mama mkwe. Honi fupi mbili: nimeondoka, toka upakie. Honi ndefu: bado nipo, usitokeze. Wenzetu walituona vichekesho, lakini kwa msimu mzima haikutuangusha hata mara moja.

Wakala naye hakuwa mjinga. Aliona kitambaa chake kinabaki cheupe mpaka jioni. Kwanza alidai punda nao walipe, kwa sababu mavi yao yanachafua barabara. Tukamwambia ashike kitambaa chake nyuma ya punda apime. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomuuma kuliko ushuru wenyewe. Siku ya pili yake vijana wake walimkata masikio punda wa mwanamke mmoja Mwislamu aliyeuza chumvi na mafuta ya taa. Walimkata kwa panga, mchana, huku wamemshika mwenyewe mikono atazame.

Tulipaswa kuacha hapo hapo. Lakini watoto walikuwa wanakula, na soko halingojei mtu.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu na manyunyu. Nilikuwa migombani na punda wangu nikaisikia pikapu ikifika na kuzima. Nikasikia mikungu ikishushwa, mmoja, wa pili. Kisha sauti za watu. Sikushtuka, maana wapakiaji hupiga kelele. Halafu honi ikalia. Ndefu. Haikukata.

Nikajiambia, bado yupo, tena huenda amenisogelea. Pengine ameshuka kujisaidia upande huu. Aibu ilinipanda mwili mzima. Nikawavuta punda nikashuka nao zaidi bondeni, mpaka karibu na kijito, nikampa mgongo. Honi iliendelea kulia. Mimi nikasimama nimeinamisha kichwa, mkwe mwema, nikingoja fupi mbili.

Sijui nilikaa dakika ngapi. Honi ikakoma, na zile fupi mbili hazikuja. Nikasikia kioo kinapasuka. Halafu nikasikia mlio ambao mtu hutoa anapopigwa tumboni na hana tena pumzi ya kulia. Ndipo nikapanda ule mlima nikiwa nimeshika fimbo ya punda, ya mti mgumu, nene kuliko mkono wangu.

Walikuwa watatu, wakala na vijana wake wawili. Walikuwa wamemkuta baba mkwe bado ameketi kwenye usukani, wapakiaji wake wakakimbia. Walimpigia mle mle ndani, na kifua chake ndicho kilichokuwa kimelalia honi. Kisha walimburuta nje. Alikuwa kwenye matope, mmoja amemkanyaga shingo, mwingine anampiga mateke ya mbavu, na wakala ameshika kile kitambaa akimsukumia mdomoni. Alikuwa anasema, "Kula moshi wako, mzee! Kula!"

Nilimpiga wakala kwenye kifundo cha mkono. Ulivunjika, niliusikia. Akageuka, nikampiga mdomoni, meno yakatoka. Kijana mmoja alinipiga kwa ubapa wa panga mgongoni nikaanguka, nikainuka, nikampiga gotini. Nilikuwa napiga na kutukana matusi ambayo sikujua ninayajua. Wenye punda wengine, waliokuwa wamejificha kwa hofu, wakatoka migombani na mawe, na wale watatu wakakimbia wakiburutana kuelekea Ibighi. Nikawafuata na jiwe. Ningeua. Nasema hivyo bila kujisifu wala kujificha.

Niliporudi, baba mkwe alikuwa anatambaa. Nilidhani anatafuta kofia yake. Hapana. Alikuwa ameniona nakuja, naye anajikokota kwenda kwenye nyasi ili anipishe njia. Nilimfikia nikamshika kwapani. Akaficha uso kwa viganja vilivyojaa damu.

"Toka, mwana," alisema. "Usiniangalie."

Tulimlaza juu ya punda, yule mwanamke wa chumvi akimshika upande mmoja na mimi upande mwingine, tukapita kwenye gogo ambalo sasa halikuwa na mtu, hadi hospitali. Njia nzima nilitazama masikio ya punda. Hata hapo nilikuwa bado namheshimu, mjinga mimi.

Daktari alisema mbavu zimechoma pafu. Siku ya kwanza na ya pili nilileta uji, nikauacha mlangoni, mama mkwe akaupokea. Siku ya tatu mchana nilikuwa nje, chini ya dirisha la wodi, nikasikia sauti yake. Ilikuwa nyembamba sana. Alikuwa anamuuliza mkewe.

"Yule mkamwana wetu alikuwa wapi siku ile?"

"Alikuwepo, migombani."

"Hakusikia honi? Niliibana kwa kifua, kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa namwita."

Ishara zile alizipeleka mama mkwe mwenyewe. Nami nikaweka bakuli la uji chini, nikazunguka, nikaingia wodini, nikapita kati ya vitanda vya wanaume mpaka kwake. Mama mkwe aliziba mdomo. Nikasimama mbele ya baba mkwe, nikamtazama.

Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba, midomo imepasuka. Miaka minane sikuwahi kuuona, na ulipofika wakati wa kuuona haukuwa tena uso wake.

Nikasema, "Baba, niliisikia. Nilidhani unaniambia nisije. Nikakimbia. Nisamehe."

Lilikuwa neno la kwanza mimi kumwambia. Alinitazama kwa jicho lililobaki wazi. Kisha akageuka taratibu, kwa maumivu makubwa, akaelekea ukutani.

Alikufa saa kumi jioni akiwa vilevile. Mama mkwe amenihakikishia mara nyingi kwamba aligeuka kwa sababu ya desturi, kwamba alikuwa ananipa heshima yangu ya mwisho. Anaapa. Mimi namwitikia, "Ndiyo, mama," na tunaendelea kumenya ndizi.