Ndiyo Zangu za Louisville

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kitenge cha kanisani, nikapanda basi kutoka Beechmont, mtaa wetu wa Louisville, nikafika saa nzima kabla ya muda. Mwaka 2014 huo. Primaire, shule ya msingi, niliishia darasa la tatu, na sasa watu wa chuo kikuu walinitaka mimi. Si kufagia. Walinitaka nikae kwenye kiti niseme.

Kazi iliitwa ushahidi wa lugha. Mwenye utafiti alikuwa Wulan, msichana wa Indonesia, mwanafunzi wa chuo kimoja cha Buffalo, aliyekuja Louisville na msimamizi wake kutafuta wasemaji wa Kiswahili. Alichunguza jinsi lugha ya kwao inavyosema na Mungu, katika Biblia, katika nyimbo, hata katika mahubiri ya Waislamu. Wenzetu hao hisia wanaziweka kwenye ini. Mnyenyekevu ana ini la chini, mwenye majivuno ana ini la juu, mtoto mpenzi ni tunda la ini. Wasomi wanaita hiyo sitiari, kitu kimoja kubebeshwa maana ya kingine. Na sarufi yao ina "sisi" mbili, moja yenye wewe ndani, moja inayokuacha nje. Wakiomba wanatumia ile ya kumwacha nje, maana Mungu hana dhambi pamoja nao. Hiyo naipenda mpaka leo.

Wulan aliigeuza mistari ya namna hiyo kwa Kiswahili, akataka kujua kama sisi pia tunasema hivyo. Msimamizi wake, Bwana Profesa, alijifunza Kiswahili Tanzania na kukisema safi kuliko mimi. Yeye ndiye aliyenisomea mstari mmoja mmoja.

"Mungu humwinua mwenye ini la chini. Mama Furaha, watu wenu husema hivi?"

Nikasema ndiyo.

Bon, niwaambie ukweli. Kwetu ini la chini ni la ng'ombe, liko buchani. Lakini nilikaa kambi ya wakimbizi miaka mingi, na kambini mtu wa daftari akikuuliza, unatafuta usoni mwake jibu analolitaka. Hapana moja, faili yako inalala. Tena lilikuwa neno la Mungu. Mimi nani wa kulikosoa? Basi ndiyo, ndiyo, ndiyo, majira ya baridi yote. Profesa alisema hajapata shahidi mwepesi kama mimi, nami nikatembea Beechmont kama mke wa gavana.

Mwaka uliofuata walinipeleka Columbus kwenye mkutano wa wasomi. Wulan alisimama mbele akaeleza kwamba Waswahili nao wana ini la chini. Nyuma yangu alikaa mchungaji mmoja Mrundi. Alicheka kwa pua, akaniinamia.

"Mama, hao ni Waswahili wa wapi?"

Nikamwambia wa mbali.

Tangu siku ile nilizihesabu ndiyo zangu kila usiku. Msichana yule alikuwa anaandika kitabu cha kupatia udaktari, na sura nzima imesimama juu ya ndiyo zangu. Siku ya kusailiwa akitokea mtu mmoja wa kucheka kama mchungaji yule, kazi ya miaka imekwisha. Na nikisema? Kambini, anayebadilisha maelezo anaitwa mwongo, na mwongo hapandi ndege. Niliamini kabisa kwamba wataandika mahali kuwa nilidanganya, kwamba karatasi zetu za kuishi Marekani zitafunguliwa upya, za kwangu, za binti yangu Furaha na za watoto wake. Kila bahasha iliyoingia mlangoni niliishika kama nyoka.

Kisha Furaha akapata kazi ya ghala Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, tukahamia huko Buffalo, kwanza mtaa wa Kensington-Bailey. Wulan alifurahi kwamba shahidi wake amesogea. Wiki ya kupeleka kitabu kwa wasaili, Profesa aliniita ofisini kwake niweke sahihi kwamba majibu ni yangu. Kalamu niliishika. Wulan alikuwa ananimiminia chai.

"Siweki," nikasema.

"Kuna kosa?" akauliza Profesa.

"Mengi hatusemi. Nilikubali tu."

"Mengi kiasi gani, Mama Furaha?"

"Kukata maini tunasema. Mengine yote yalikuwa heshima."

Chai ilimwagika kwenye sahani. Wulan aliniuliza, taratibu sana, kwa nini sikusema Louisville. Nikamjibu kwamba Louisville nilikuwa namwogopa yeye, kama mtu wa daftari. Akafunika uso. Profesa alisema kosa ni lake: majira yote yale hakusikia hapana hata moja, wala hakujiuliza.

Karatasi zangu hakuna aliyezigusa. Lakini Wulan aliitoa sura yangu yote, akachelewa muhula mzima, akakonda. Nilimpelekea sombe, mboga ya majani ya muhogo, nyumbani kwake. Aliipokea mlangoni, hakunikaribisha. Mwaka 2016 alipita mbele ya wasaili, na kazi yangu ikaishia hapo, bila sherehe.

Sasa nimestaafu, nakaa Cheektowaga. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii ya kuulizwa lugha, anayewauliza si mtu wa kambi. Neno "hapana" ndilo mshahara wenu. Mimi nilijifunza nimechelewa, na aliyelipia ni mtoto wa mtu.

Kitabu kilipotoka, Wulan alikileta mwenyewe, akakaa mpaka jioni. Alipoondoka, mjukuu wangu Neema alikifungua, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa akitafuta jina langu. Yeye hunijibu kwa Kiingereza siku zote, lakini siku hiyo alisema kwa Kiswahili, "Haumo, bibi." Nikamwambia aache kunitafuta, anisomee. Yaliyobaki humo ni ya kweli.